Lushoto kwenda na kurudi siku moja kutoka Dar: usilipe hiyo advansi

Mkuu, usilipe hiyo advansi ya kukodi haisi. Kama umeshalipa, idai leo hii, na wakigoma kuirudisha iache ipotee. Ni hela ndogo sana ukilinganisha na bili ya kuunga mfupa.

Nimesoma uzi wako wote. Mko marafiki kumi na mmoja, mnakodi haisi, mnatoka Ubungo Jumamosi saa 12 asubuhi, mnapanda Lushoto, mnakula, mnapiga picha kwenye gema la Irente, mnaona maporomoko ya Soni, halafu usiku huohuo kila mtu analala kwake Dar. Ukauliza chakula kinapatikana wapi, sweta zinahitajika au la, bajeti ya kila mtu iweje, kama kuna mahali pa kuogelea, kama mtandao unashika, na kama watoto wawili wa dada yako wanaweza kuunganishwa kwenye safari. Wadau waliotangulia wamekujibu "lami tupu mpaka juu, hakuna shida". Ni kweli lami ipo, tena nzuri. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza utakuwa unashuka saa ngapi, na mimi hilo ndilo lililonileta hapa mbio.

Ratiba yako inasema mtashuka mlima ule gizani, na dereva aliyeamka saa 9 usiku. Hujaandika hivyo, ila tuihesabu pamoja uone.

Dar mpaka Mombo ni kama kilomita 340. Kwenye ramani ya simu inaonekana ni kukanyaga mafuta tu. Barabarani kuna foleni ya Kibaha, kuna malori mpaka Chalinze, kisha unageuka kaskazini: Msata, Wami, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, na karibu kila kijiji kina kibao cha 50. Penye kibao cha 50, trafiki na tochi yake ya kupima mwendo hawako mbali. Kibao kikiisha, gari la abiria linaruhusiwa 80, basi. Wanaokata Bagamoyo kutokea Msata wanakwepa foleni ya Kibaha, lakini vibao ni vilevile. Hesabu ya haki ni saa sita mpaka Mombo. Kutoka Mombo kwenda Lushoto mjini ni kilomita 33 za kona, na mkisimama Soni mpige picha, hiyo ni saa moja na nusu nyingine. Maana yake mnaingia Lushoto saa 7 na nusu mchana kama hakuna aliyechelewa, hakuna pancha, hakuna aliyeomba kuchimba dawa, na hakuna aliyetaka chai.

Watu kumi na mmoja, mkuu! Wa Tegeta atafika Ubungo saa 12 kamili? Kundi la marafiki linalosema saa 12 linaondoka saa 1 na nusu, na hilo unalijua kuliko mimi kwa sababu hao ni marafiki zako. Basi sema mmefika saa 9 alasiri. Mna njaa. Mnaagiza kuku kwa watu kumi na mmoja mahali ambapo hawakuwategemea, mnasubiri saa nzima. Mnaanza kwenda Irente, kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini kwa barabara ya vumbi. Mnafika saa 11. Na pale ndipo mtego ulipo, kwa sababu gema la Irente linatazama upande jua linakozama. Saa 11 jioni ndiyo saa nzuri kuliko zote za siku. Bonde lote chini linageuka rangi, mashamba ya mkonge ya Mazinde yanaonekana mistari kwa mistari, barabara kuu ya kwenda Same imelala kama uzi. Nani atakubali kuondoka? Kila mtu anataka picha moja zaidi. Saa 12 na nusu jua limezama, giza linaingia, ndiyo kwanza mnahesabiana muingie garini.

Sisi tulikuwa hivyohivyo. Tangazo tulilipata kwenye kundi la WhatsApp: Lushoto kwa siku moja, toka alfajiri, nyumbani saa 4 usiku, njoo na sweta yako tu. Picha za Irente tatu, moto wa kuni, watu wameshika vikombe. Tulilipa bila kuuliza gari ni la nani wala dereva ni nani. Aliyekuja kuuliza baadaye aliambiwa na mratibu, "yule dereva ni mkali, njia ile anaijua nje ndani". Uongo mtupu. Tulikuja kugundua tukiwa Soni kwamba yule kijana alizoea Dar–Morogoro, tambarare mwanzo mwisho, na Lushoto hakuwahi kupanda na abiria. Kupanda alipanda vizuri. Kupanda hakuna anayeshindwa. Gari lenyewe likichoka linakwambia. Kushuka ndiko gari linakuwa rahisi, linakwenda lenyewe, na mtu asiyejua anafurahia.

Tuliondoka mjini giza limeshashika. Ilikuwa Desemba, mvua ilikuwa imepiga mchana, na ukungu ulikuwa unaingia barabarani kwa vipande, unapotea, unarudi. Gari lilikuwa zito kuliko lilivyopanda, maana sokoni kila mtu alikuwa amenunua kwa bei ya shambani: viazi, karoti, kabichi, peasi. Vilijaa chini ya viti mpaka kwenye njia ya katikati. Dereva akaweka frii. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, niliona mkono wake ukisukuma gia katikati na kuiacha. Nikamuuliza kwa nini, akasema mteremko unasaidia, tunaokoa mafuta. Kwa kuwa yeye ndiye dereva, tukanyamaza.

Mpaka Soni hakukuwa na jambo. Baada ya Soni barabara inaingia korongoni, upande mmoja jabali, upande mwingine huoni kitu ila unasikia maji chini. Hapo ndipo harufu ilipoanza. Dada mmoja alidhani ni mtu anachoma takataka kijijini. Ilikuwa harufu kali, ya kitu kinachoungua polepole, inakwaruza kooni, na haikubaki nyuma tulipopita. Ilikuwa inakwenda na sisi. Nikainama kumwangalia dereva. Alikuwa anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena, na kila akikanyaga, mguu unashuka zaidi kuliko mara iliyotangulia, mpaka ukagusa sakafu. Gari halikupungua hata kidogo. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Zimeisha."

Sijui ni nani aliyemwambia aingize gia, au kama alikumbuka mwenyewe. Alilazimisha namba tatu, gari likaunguruma mpaka tukadhani injini inapasuka, kisha akavuta breki ya mkono na kulipeleka upande wa jabali. Tairi la kushoto likaingia mtaroni, ubavu ukakwaruza mwamba umbali mrefu, tukasimama. Magunia ya viazi yalikuja mbele na watu. Alichokifanya kijana yule mwishoni ndicho kilichotuokoa na nampa haki yake. Upande wa pili hapakuwa na ukuta.

Mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Yeye ni fundi cherehani, mkono uliovunjika ni wa kulia, na Desemba ndiyo msimu wa sare za shule. Oda zote za Januari alizirudisha, na advansi za watu alikuwa ameshanunulia vitambaa. Nakuandikia hili ulisome taratibu kabla hujanijibu kwamba nyie mtakuwa makini.

Sasa nikueleze kilichotokea ndani ya gari lile, maana dereva wako akikuambia "breki zangu mpya" utadhani umepona. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Kwenye tambarare unakanyaga kidogo, unaachia, zinapoa. Kutoka Lushoto mpaka Mombo unateremka karibu mita elfu moja, na ukiwa kwenye frii uzito wote wa gari, watu na viazi unazibebesha breki peke yake bila kupumzika. Kwanza zinapata moto mpaka zinapoteza mshiko. Kisha joto linahamia kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo kadiri yanavyokaa garini yananyonya unyevu, na yakishakuwa na maji yanachemka mapema. Yakichemka yanafanya mapovu, na povu ukilikanyaga linabonyea tu, nguvu haifiki kwenye tairi. Ndiyo maana mguu ulikwenda mpaka sakafuni. Breki mpya zingechelewa kidogo kufika hapo, lakini zingefika.

Kuna wengine wanazima na injini kabisa ili waokoe zaidi. Hao ni wauaji, sina jina lingine. Injini ikizimika, ule msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mgumu, kwenye kona za Soni.

Ukiacha gari kwenye gia ndogo, injini yenyewe inalishika. Linanguruma, abiria wanalalamika kelele, lakini breki unazigusa kidogo tu kabla ya kona na zinabaki baridi. Gari la gia za mkono ni namba mbili au tatu kutegemea ukali wa mteremko. La otomatiki lina 2 na L pale kwenye gia, ndizo gia ndogo, na mengine yana kitufe cha O/D pembeni, cha kulizuia lisipande gia kubwa. Watu wanamiliki magari miaka na miaka hawajui vile vitu viliwekwa pale kwa sababu gani. Viliwekwa kwa sababu ya milima kama ule.

Aliyetufundisha haya ni mzee mmoja wa Canter ya kabichi aliyekuwa anashuka nyuma yetu. Alisimama mbali, akawasha taa zote, akamtuma utingo wake aweke jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele, ndipo akaja kutuangalia. Vijana wetu walikuwa wameshachukua chupa ya maji wamwagie tairi zipoe. Aliwazuia kwa ukali. Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinaweza kupasuka, akasema, kiacheni kipoe chenyewe. Kisha akamgeukia dereva. Hakumtukana. "Kijana, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Breki ni ya kusimamia." Yule kijana aliitikia "sawa baba" huku anatetemeka. Mzee alimpakia mgonjwa wetu mbele kwenye Canter akampeleka mpaka Mombo, hakutaka hata hela ya soda. Kama unasoma humu, mzee wangu, Mungu akuzidishie.

Sisi wengine tulibaki kando ya barabara kwenye baridi, na ndiyo, sweta zinahitajika, kila mtu na ya kwake, na kitu cha kufunika kichwa. Usiku Usambara ni baridi hata Desemba. Juni mpaka Agosti ndiyo usiseme.

Mratibu je? Mratibu hakuwa garini. Alibaki Dar "kusimamia safari kwa simu", na simu aliizima. Asubuhi, sisi tukiwa bado Korogwe na mgonjwa, aliandika kwenye kundi kwamba tumshukuru Mungu safari imekwenda salama, akaweka picha za Irente alizotumiwa mchana. Tulipomuuliza mchango wa hospitali alisema alichouza yeye ni usafiri, ajali ni mipango ya Mungu. Tulipozidi kumuuliza alituondoa kwenye kundi. Wiki hiyohiyo tangazo lilelile likarudi, bei ileile, picha zetu zikiwa ndani. Ndugu zangu, mtu anayechukua hela za watu kuwapeleka mlimani asikojua, na gari ambalo hajalikagua, na saa ambazo hajazihesabu, asije kumsingizia Mungu. Mungu hakupanga ratiba ile. Aliipanga yeye, na aliibana siku moja kwa sababu kulaza watu ni gharama na angekosa bei ya kuvutia.

Tena sikiliza hili, kwa sababu na wewe umesema gari ni "la jamaa". Namba ya gari lile ilikuwa ya njano. Njano ni gari binafsi. Gari la biashara lina namba nyeupe, linatakiwa liwe na leseni ya kubeba abiria ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na dereva wake awe na leseni ya daraja C. Gari binafsi likibeba watu kwa malipo, bima yake ya matumizi binafsi haina habari na nyinyi. Tulizunguka na makaratasi mpaka tukachoka. Hatukupata kitu. Bili ya hospitali tulichangishana wenyewe. Oda za sare hakuna aliyezilipa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na kama hutashika kingine chochote katika uzi huu shika hiki: saa 9 alasiri gari linaanza kushuka. Siyo saa 9 ndiyo mnaanza kuitana. Saa 9 gari linatembea, pua inatazama Mombo.

Najua utasema saa 9 ni mapema, jua linazama saa 12 na nusu. Ndiyo, na korongo la Soni lina kivuli kabla ya hapo, na ukungu hauna saa, na nyie mko kumi na mmoja. Mkipanga saa 9 mtaondoka saa 10 na nusu, mtakuwa Mombo kabla ya Magharibi. Mkipanga saa 11 mmekwisha. Masika ndiyo zaidi, Machi mpaka Mei, maana mawe na udongo huporomoka barabarani, na jiwe unatakiwa ulione ukiwa mbali. Mnapoanza safari, mpeni mtu mmoja kazi ya saa, asiye na aibu, asiyependa picha. Akisema twende, hakuna mjadala.

Kuna mdau hapo juu kaandika kwamba mabasi ya Lushoto yanapanda na kushuka hata gizani, na kwamba tangu 2023 serikali imeruhusu mabasi kusafiri usiku kucha. Mdau, dereva wa basi la Lushoto anaijua kila kona, anajua wapi lori la mbao halitampisha, anajua abadilishe gia kabla ya mteremko gani. Anafanya hivyo kila siku ya maisha yake. Na ruhusa ya serikali haipozi breki. Mwenye uzi huu anapeleka marafiki zake na dereva ambaye hata jina lake hajatuambia. Usilinganishe.

Sasa chukua hiyo kanuni uiweke juu ya ratiba yako ya Dar. Mmefika saa 9, gari linatakiwa kushuka saa 9. Umeona? Lushoto ya siku moja kutoka Dar haipo. Anayekuuzia anakuuzia usiku wa Soni. Hata Wajerumani waliojenga ule mji wakauita Wilhelmstal, wakikimbia joto la pwani, hawakufanya mchezo huo. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, wanashuka pale, wanapanda mlima, na wakishafika wanakaa. Wanakaa! Watu wanapanda mlimani kupumzika, halafu wewe unataka kuwakalisha wenzako garini karibu saa kumi na tano ili wapumzike saa mbili.

Lakini siku moja mlimani inawezekana kabisa, tena ni tamu, ukianzia karibu. Wa Tanga mjini wanaweza, wakitoka alfajiri. Wa Same wanaweza. Nyie wa Dar pandeni basi la kawaida Ijumaa, mlale Korogwe au Mombo, nyumba za wageni zipo za bei ya kila mtu. Jumamosi asubuhi pale Mombo kuna haisi na Coaster zinazopanda Lushoto siku nzima, na mkiwa kumi na mmoja mnaweza kuelewana na dereva mmoja awe wenu mpaka alasiri. Huyo ni mtoto wa mlima. Hamtamfundisha gia.

Mkianza saa 1 asubuhi mtaona kila kitu kwa utulivu. Soni mnashuka kwa miguu mpaka maporomoko yalipo, jua la asubuhi, hakuna haraka. Lushoto mjini mnapita sokoni mkiangalia tu. Kununua ni mwisho, na nunueni kidogo, nimeshakueleza habari ya viazi. Kutoka mjini kwenda Irente nendeni kwa miguu kama wote mna nguvu, ni saa moja na nusu ya mashamba na miti, watu wanakusalimia njia nzima. Njiani kuna shamba la Irente wanakotengeneza jibini na jamu na mkate wao wenyewe. Waambieni mapema kwamba mnakuja kula, watawaandalia. Mtafika kwenye gema saa 5 au 6 mchana. Jua la kuzama mtalikosa. Likoseni tu. Bonde lipo palepale mchana, na siku isiyo na ukungu unaona mbali mpaka unachoka kuangalia. Kaeni nyuma ya ukingo, hapana uzio wa kuaminika na mwamba unateleza.

Kama wenzako wanang'ang'ania siku moja kutoka Dar, na Ijumaa hawawezi kwa sababu ya kazi, wapeleke Morogoro. Treni ya umeme inabeba abiria Dar–Morogoro tangu Juni 2024, inachukua kama saa mbili, na pale mjini unaanza kupanda Uluguru kwa miguu mpaka Morningside kwenye ile nyumba ya Wajerumani. Baridi ipo, migomba ipo, mji mzima unauona chini. Mnashuka kwa miguu yenu wenyewe, jioni mko kwenye treni mnasinzia. Hakuna breki ya kuungua.

Na watoto wa dada yako, kama safari itabaki kama ulivyoiandika, waache nyumbani. Ningekuwa mimi ningekuacha na wewe nyumbani.

Kama baada ya haya yote bado mtakodi gari, hata kwa safari ya kulala, mpigie dereva mwenyewe. Dereva, siyo mratibu. Muulize ameshapanda Lushoto na abiria au hajawahi. Muulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Kisha muulize kutoka Soni mpaka Mombo anashuka na namba ngapi, halafu unyamaze umsikilize. Anayejua atakujibu palepale, bila kufikiri. Akianza kubabaika, au akikwambia mteremko unasaidia mafuta, mshukuru na utafute mwingine. Mwambie akutumie picha ya gari kwa mbele, namba ionekane rangi. Ukishaipata, andika hapa chini amejibu nini kuhusu gia na namba ni ya rangi gani. Leo nipo mpaka usiku.